Maonesho si matembezi: mambo ya kupanga kabla banda lako halijatoka Chake

Unawajua wale wanaorudi kutoka maonesho na maboksi yale yale waliyoondoka nayo? Kila aliyepita bandani aliwaambia "mashaallah, nzuri hii", akapiga picha, akachukua kipeperushi, akaenda zake. Sifa wamepata nyingi tu. Lakini sifa hazilipi nauli ya boti.

Kwa mjasiriamali wa Chake Chake hili si jambo dogo. Mwenzako wa Dar akikosa kuuza Sabasaba, jioni anapanda daladala anarudi kwake. Wewe umevuka bahari. Umelipa nauli, umelipa mzigo, umelala kwa watu au umekodi chumba, na nyumbani umeacha kazi. Mara nyingi pesa hiyo si yako peke yako, ni ya kikundi. Ukirudi mkono mtupu, kuna watu wanaokusubiri kwenye kikao.

Sasa tuangalie nini hasa kinalifanya banda lifanikiwe. Sehemu kubwa ya kazi hufanyika wiki nyingi kabla ya mlango wa maonesho kufunguliwa.

Kwanza: unakwenda maonesho gani?

Kwa mtu wa Pemba kuna milango mikubwa mitatu.

Kuna Nanenane, sikukuu ya wakulima ya tarehe 8 Agosti. Kwa hapa Pemba shughuli yake hufanyika Chamanangwe, Wilaya ya Wete. Hii iko karibu, gharama yake ni ndogo, na wanaokuja ni watu wetu wenyewe: wakulima, wafugaji, maofisa, wanafunzi wa skuli.

Kuna maonesho ya biashara ya Zanzibar ya kila Januari, yanayokwenda pamoja na sherehe za Mapinduzi. Siku hizi hufanyika Nyamanzi, upande wa Fumba, Unguja. Huko utakutana na watu wa mjini, wenye maduka, na watu wa mahoteli.

Halafu kuna Sabasaba yenyewe, maonesho ya kimataifa ya Dar es Salaam. Huandaliwa na TanTrade katika viwanja vya Mwalimu J.K. Nyerere, barabara ya Kilwa, na mwaka 2025 yalikuwa ya 49. Hapo watu ni wengi mno, na washindani wako ni wengi vilevile.

Usiende kwa sababu tu fulani kaenda. Jiulize: mnunuzi wangu yuko wapi? Kama unauza miche ya mikarafuu na mbolea ya mboji, Chamanangwe inaweza kukufaa kuliko Dar. Kama unauza sabuni ya mwani kwa hoteli, Nyamanzi ndiko waliko. Kama bidhaa yako tayari ina vifungashio vizuri na unaweza kutoa mzigo mkubwa kila mwezi, basi Sabasaba ijaribu.

Wajasiriamali wadogo wengi hupata nafasi ndani ya banda la taasisi, kama wizara au Wakala wa Uwezeshaji Wananchi Kiuchumi Zanzibar (ZEEA). Hilo hupunguza gharama sana. Kwa hiyo ulizia mapema, usingoje wiki ya mwisho. Uliza pia utapewa nini hasa: banda zima, nusu, au meza moja? Kuna umeme? Kuna viti? Usiku nani analinda mali?

Piga hesabu kabla hujafunga mzigo

Hapa ndipo wengi tunapoteleza. Tuchukue mfano wa kikundi cha akina mama kumi wa Chake wanaotengeneza sabuni ya mwani. Wanataka kupeleka watu wawili kwenye maonesho ya siku 7. Takwimu hizi ni za mfano tu, wewe weka zako:

- Nafasi ya banda: 200,000
- Nauli ya watu wawili, kwenda na kurudi: 140,000
- Kusafirisha mzigo: 60,000
- Malazi na chakula: 280,000
- Bango, vipeperushi na vifungashio vya ziada: 120,000

Jumla ni shilingi 800,000.

Kipande kimoja cha sabuni wanakiuza 3,000. Kukitengeneza kunawagharimu 1,400. Faida ni 1,600. Gawa 800,000 kwa 1,600: unapata vipande 500. Yaani lazima wauze vipande 500 ili warudi nyumbani bila hasara na bila faida. Kwa siku 7, hivyo ni vipande 72 kila siku.

Sasa kama wamebeba vipande 300 tu, hata wakiuza vyote mpaka cha mwisho faida ni 480,000. Hasara ya 320,000 wamekwisha kuipata tangu walipokuwa Mkoani wanasubiri boti. Hawakuwa na njia ya kushinda, ila hawakujua.

Je, wasiende? Si lazima. Huenda lengo lao lisiwe rejareja. Tuseme kwenye maonesho wamempata mwenye duka mmoja wa kuchukua vipande 100 kila mwezi kwa bei ya jumla ya 2,200. Faida ni 800 kwa kipande, sawa na 80,000 kwa mwezi. Ndani ya miezi minne ile 320,000 imerudi, na kuanzia mwezi wa tano ni faida tupu.

Ndiyo maana watu wanaojua biashara hii huenda na lengo lililoandikwa: "Tunakwenda kuuza vipande 300 na kupata wanunuzi wa jumla wawili." Lengo la "kutangaza bidhaa" ni zuri, lakini ukirudi huwezi kulihesabu.

Karatasi zako ziko wapi?

Mnunuzi wa rejareja ataangalia bei. Mnunuzi wa jumla, hasa wa hoteli au supamaketi, atauliza karatasi.

Hakikisha jina la biashara limesajiliwa kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali (BPRA). Bidhaa ya chakula au ya kupaka mwilini inahusu pia Wakala wa Chakula na Dawa (ZFDA). Viwango viko chini ya Taasisi ya Viwango Zanzibar (ZBS), na upande wa Bara kuna TBS. Mambo ya kodi na risiti ni ya Mamlaka ya Mapato Zanzibar (ZRA). Hizi si kazi za siku mbili. Vipimo vya maabara vina foleni yake, kwa hiyo anza miezi kadhaa kabla.

Kama bado hujapata alama ya ubora, usiibandike. Sema ukweli: "Maombi tumeshapeleka." Mnunuzi makini atakuheshimu. Ukimdanganya halafu akagundua, umempoteza yeye na wenzake.

Karafuu nayo ina mambo yake. Karafuu kavu ina sheria yake Zanzibar. Mnunuzi wake kutoka kwa mkulima ni Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar (ZSTC), na kuisafirisha bila kibali ni magendo. Kwa hiyo kabla hujafunga vipakiti vya karafuu kwenye boksi la viungo, pita kwanza ofisi ya ZSTC uulize. Usije ukazuiliwa bandarini na maonesho yakaanza bila wewe.

Lebo inaongea usipokuwepo

Mtu akinunua chupa ya mafuta ya nazi bandani kwako, wiki mbili baadaye iko jikoni kwake Mbagala. Imekwisha, anataka nyengine. Atakupataje?

Lebo iwe na jina la bidhaa, vilivyomo, uzito au ujazo, tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa matumizi, jina la mtengenezaji, mahali, na namba ya simu inayopatikana. Siyo namba ya mtoto wa jirani aliyetengenezea lebo, ile ya kwako.

Andika "Chake Chake, Pemba" kwa herufi zinazosomeka. Hiyo ni mali. Mtu wa Bara akisikia Pemba anafikiria karafuu, bahari na halua. Wengine hulipa zaidi kwa sababu ya jina hilo, wewe unalificha chini ya kifuniko kwa nini?

Ukitaka kuingia supamaketi utaulizwa ile alama ya mistari, wengi tunaiita bakodi. Za Tanzania hutolewa kupitia GS1 Tanzania na huanza na 620. Usinakili ya mtu kutoka kwenye boksi la biskuti. Mashine ya dukani itasoma biskuti.

Na usiandike kwamba sabuni yako inatibu kila ugonjwa unaoujua. Kudai tiba ni kesi nyengine kabisa mbele ya ZFDA, na wateja wa leo hawadanganyiki kirahisi. Sema inachofanya: inaosha, inanukia, haina rangi ya kiwandani. Inatosha.

Mzigo na bahari

Sabasaba na Nanenane zinaangukia msimu wa kusi. Bahari huchafuka, boti inapiga mawimbi, na maboksi yanapigana yenyewe kwa yenyewe. Halua ikibanwa na ndoo ya asali itafika ikiwa na sura nyengine.

Basi funga hivi: chupa za mafuta zikazwe vifuniko, zizungushiwe mkanda wa plastiki, zisimame wima ndani ya boksi gumu. Sabuni ziwe kwenye mifuko isiyopitisha maji. Mikoba na mikeka ya ukili ikae juu, isikandamizwe. Kila boksi liandikwe nje kilichomo ndani na jina lako, na orodha ya maboksi yote uwe nayo kwenye simu.

Ondoka siku mbili kabla. Safari ikiahirishwa kwa hali ya hewa, bado una siku moja mkononi. Anayepanga kufika asubuhi ya ufunguzi anacheza bahati nasibu na upepo.

Angalia pia kalenda ya nyumbani. Msimu wa karafuu ukikolea, kila mwenye mikono yuko mkarafuuni au kwenye jamvi anaanika. Nani atabaki kutengeneza bidhaa wakati nyinyi wawili mko Dar? Mkipata oda kubwa halafu huku nyuma hakuna mtu wa kazi, oda hiyo itageuka aibu.

Banda lipangeje?

Mabanda mengi ya kawaida ni mita 3 kwa 3. Udogo wake si tatizo. Tatizo ni kulijaza kama stoo.

Mtu anapopita mbele ya banda hana muda. Ndani ya sekunde chache anaamua: nisimame au niendelee. Kwa hiyo bango lako lijibu maswali mawili tu: unauza nini, na unatoka wapi. "Sabuni na mafuta ya mwani kutoka Pemba." Basi. Orodha ya viongozi wa kikundi na mwaka mliosajiliwa, hayo yawe kwenye kipeperushi.

Mambo machache yanayosaidia:

- Bidhaa kuu iwe usawa wa macho. Iliyo chini kabisa ya meza haionekani, mbele yake kuna miguu ya watu.
- Meza isizibe mlango. Ukiiweka mbele kama kaunta ya polisi, mteja hubaki nje. Isogeze pembeni aingie.
- Bei ionekane. Wapo wateja wengi wanaona haya kuuliza bei, wanapita tu.
- Weka kitu cha kugusa na kunusa. Pemba tuna bahati: mafuta ya makonyo, mdalasini, vanila, asumini. Harufu huvuta mtu kabla macho yake hayajafika.
- Leta mwani mkavu mkononi. Watu wengi wa mjini hawajawahi kuushika. Wakiuona, na pembeni yake wakaona sabuni iliyotokana nao, hadithi imejieleza.

Huo mfano wa mwani una maana kubwa kuliko urembo wa banda. Kwa miaka mingi mkulima wa mwani, ambaye mara nyingi ni mwanamke, amekuwa akiuza kilo ya mwani mkavu kwa shilingi mamia tu. Ukigeuzwa sabuni, mwani kidogo unaweza kuingiza zaidi ya kilo nzima ya mwani ghafi. Anayepita bandani akilielewa hilo, anajua analipia nini.

Maneno ya kwanza

Hili halina gharama hata senti moja, na ndilo linaloharibu mabanda mengi. Muuzaji amekaa nyuma, ameinamia simu. Mteja anasimama, anasubiri, anaondoka.

Simama. Salimia. Mpemba hafundishwi kukaribisha mgeni, basi ukarimu wa nyumbani uhamie bandani. Akija mtu mzima, "Shikamoo mama, karibu unuse." Akija kijana, "Karibu kaka, hii umewahi kuiona?" Usianze na "nikusaidie nini?" maana jibu lake ni "naangalia tu", na mazungumzo yamekufa.

Mazungumzo mazuri huenda hivi:

"Karibu dada. Hii sabuni ya mwani, tunautoa pwani hapa hapa kwetu Pemba."

"Mwani ndiyo nini?"

"Ndio huu, ushike. Tunaukausha, tunausaga, tunautia kwenye sabuni."

"Eh! Sh'ngapi?"

"Elfu tatu moja. Ya kutumia nyumbani, au una duka?"

Umeliona lile swali la mwisho? Ndilo linalomtenganisha mnunuzi wa kipande kimoja na mnunuzi wa vipande mia. Bila kuuliza hutajua. Mwenye hoteli hatembei na kibao kifuani.

Wawepo wawili bandani, wapokezane. Mmoja akienda kusali au kula, banda halibaki tupu. Na wote wawili wajue bei ya rejareja, bei ya jumla, kiasi cha chini cha oda, na mnaweza kutoa vipande vingapi kwa mwezi. Jibu la "ngoja nimpigie mwenyekiti" hupunguza imani.

Malipo nayo yawe tayari: lipa namba imebandikwa, chenji ipo, kitabu cha risiti kipo, simu ina chaji. Beba betri ya akiba, umeme wa mabandani hauaminiki siku zote.

Daftari ndiyo faida yenyewe

Chukua daftari la kawaida, chora safu nne: jina, simu, anataka nini, nimemuahidi nini. Kila mtu mwenye nia ya kununua zaidi ya kimoja aandikwe humo, kwa ridhaa yake. Jioni mkifunga banda kaeni dakika ishirini: leo tumeuza ngapi, watu wameuliza nini sana, kesho tubadilishe nini. Kama watu kumi wameuliza kipande kidogo cha 1,000, hiyo ni habari. Usiisubiri mpaka mrudi.

Mkirudi Chake, msilale na daftari. Ndani ya wiki moja wapigie wote. Ujumbe mfupi unatosha kuanzia: "Assalaam alaykum, mimi ni wa sabuni ya mwani kutoka Pemba, tulizungumza kwenye maonesho. Ulitaka vipande 50. Tuvitume lini?" Wiki ya kwanza anakukumbuka. Mwezi wa pili atauliza "nani mwenzangu?"

Jambo la mwisho la kupanga kabla ya safari ni njia ya kutuma. Jua mapema ni boti ipi itabeba mzigo, ni kiasi gani, na nani ataupokea Malindi au Dar. Mnunuzi wa jumla hatakubali kusubiri eti mpaka apatikane mtu anayekwenda.

Kwa kifupi

1. Chagua maonesho kwa kuangalia mnunuzi alipo.
2. Piga hesabu: uuze vipande vingapi ili usipate hasara?
3. Karatasi na lebo zianze miezi kabla.
4. Funga mzigo kwa ajili ya bahari, ondoka siku mbili mapema.
5. Bango lijibu: unauza nini, unatoka wapi.
6. Simama, salimia, uliza: "ya nyumbani au una duka?"
7. Andika majina, piga simu ndani ya wiki moja.

Halafu siku ya kikao, mbele ya wale wenzako waliochanga, hutahitaji maneno mengi. Weka daftari mezani pamoja na pesa za mauzo, muanze kugawana nani atatengeneza nini kwa oda ya kwanza.

Kama kikundi chenu kinajiandaa na maonesho ya karibuni, itumeni makala hii kwenye grupu lenu. Ile hesabu ya vipande 500 ifanyeni pamoja, kwa bei zenu wenyewe, kabla hamjakata tiketi.